Sema Jina Lako

“Fumba macho,” Orpah alisema. “Fumba macho uniambie mtoto wako anafanana vipi. Si una mdomo? Sema.”

Lynnet hakufumba macho. Alikuwa amesimama kando ya mashine yake ya kufuma sweta, mkono kiunoni, shavu la kushoto bado limevimba. “Akitembea, mguu wake wa kulia unatupa vidole nje,” alisema. “Sikio lake moja limekunjika juu. Bega la kushoto liko chini ya la kulia kwa nusu inchi. Kabla hajacheka, anavuta pumzi.”

“Nimekuuliza uso.”

“Nimekusikia, Mama.”

“Cephas, umeona? Amembeba tumboni miezi tisa, amemnyonyesha miaka miwili, na uso wake haujui. Hata mbuzi anamjua mtoto wake.”

“Mbuzi anamjua kwa harufu,” Lynnet alisema.

Cephas alikaa kwenye benchi la wateja akiwa na karatasi ya shule mapajani. Alikuwa tarishi katika makao ya kaunti ndogo hapo Uriri, mtu wa kubeba mafaili kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kitu alichokithamini kuliko vyote ni watu kumsalimia kwa heshima kila mlangoni. Lakini Ijumaa jioni karani mmoja alimwuliza kama mke wake anaiba watoto kwa bei ya jumla au ya rejareja, na ofisi nzima ikacheka. Cephas pia alicheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

“Mama Irine,” alisema, “usijibizane na Mama. Amesafiri kutoka Homa Bay kwa sababu yako.”

“Amesafiri kwa sababu ya Irine. Amekuja kumchukua.”

“Kumwokoa,” Orpah alisema.

Kila mtu Uriri alikuwa na namna yake ya kusimulia mambo ya Ijumaa. Ukweli ulikuwa huu. Mapema wiki hiyo shule ilikuwa imeamuru watoto wote wanyolewe, wavulana kwa wasichana, kwa sababu ya choa cha kichwa. Adhuhuri watoto mia nne walitoka getini na vichwa vitupu, wamevaa sweta za rangi moja, nyingi kati yake zimefumwa na Lynnet mwenyewe. Lynnet alifanya alivyofanya kila siku: alitafuta uzi wa manjano alioushona nyuma ya kola ya Irine. Aliuona, akashika mkono wa mtoto, wakaondoka. Mtoto hakusema neno. Alikuwa amefundishwa kwao kwamba mtu mzima akikushika mkono, unamfuata.

Walifika kwenye lami. Hapo ndipo Kezia, mama mmoja Mkuria anayeuza ndizi karibu na kituo cha boda boda, alipomwona binti yake Bhoke akiongozwa na mwanamke mwingine, akapiga ukemi. Kufumba na kufumbua watu thelathini walikuwa wamemzunguka Lynnet. Kofi la kwanza lilikuwa la Kezia. Mengine hayakujulikana yametoka wapi. Kuna aliyeuliza tairi iko wapi, na mwingine alikuwa tayari amekwenda kuitafuta.

Aliyemwokoa ni Mniko, mlinzi wa geti la shule, aliyekuja mbio akipiga watu viwiko. “Huyu ni mama Irine, gredi ya tatu. Fundi. Nyinyi mna wazimu?” Watu walimwamini kwa sababu Mniko hajawahi kukosea sura ya mtu.

Sasa shule ilikuwa imetuma karatasi. Lynnet alitakiwa kusaini kufikia Jumatatu kwamba ana matatizo ya akili, kwamba hatakanyaga tena ndani ya geti, na kwamba mtoto atachukuliwa na mtu mwenye akili timamu. Orpah alipopigiwa simu alisema hakuna haja ya kutafuta huyo mwenye akili timamu, anakuja mwenyewe. Kulikuwa na shule ya msingi karibu na boma lake. Mtoto atahama.

“Na hii si mara ya kwanza,” Orpah aliendelea. Alikuwa na jambo la miaka sita moyoni, na leo lilikuwa limepata nafasi. “Mazishi ya shemeji yako, Kendu Bay. Wanawake wa kanisa tumevaa nguo nyeupe, kitambaa cha buluu, tumekaa safu moja. Anakuja huyu nyar Kadem, binti wa watu wa Kadem, na leso mpya na sukari kilo nne, anapita mbele yangu, anamshika mkono mke wa katekista, anamwambia, pole Mama, nimekuletea kitu kidogo. Mimi niko mtu wa tatu. Nimekaa hapo naangalia.”

“Niliomba msamaha, Mama. Mlivaa sawa.”

“Na yule mke wa katekista sukari hakurudisha.”

Cephas aliinamisha kichwa ili mama yake asione kwamba karibu acheke.

“Daktari wa macho Migori alinipima,” Lynnet alisema. “Alisema macho yangu ni mazima. Nikamwambia nikitoka hapa tukutane barabarani sitakujua. Akadhani namtania. Mimi sura ya mtu naiona, Mama. Nikigeuka tu, imeondoka. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.”

“Hicho ni kiburi kilichopata jina.”

“Hakina jina. Kingekuwa na jina ningekutajia.”

Cephas alimnyooshea karatasi. “Saini, mama Irine. Ukisaini, watu watanyamaza.”

“Na Irine atabaki?”

“Ataenda na Dani, nyanya yake. Kwa muda.”

Kwa kawaida Lynnet angejibu kabla mtu hajamaliza kusema. Safari hii alikumbuka sauti iliyouliza tairi. Alifikiri: siku nyingine Mniko anaweza kuwa amekwenda kunywa chai. Siku nyingine Irine anaweza kuwa amesimama pale pale akitazama. Kama ni mimi ninayemletea mtoto hatari, basi heri awe mbali nami.

“Nitapanga nguo zake,” alisema.

Orpah alichukua mkoba wake akaenda kwa muumini mwenzake alikokuwa akilala, kwa kuwa kwa desturi yake mama halali katika nyumba ya mwanawe. Alitembea kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, lakini njiani alijisikia vibaya kidogo, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mrefu zaidi.

*

Irine, mwenye miaka tisa, alikaa kitandani akitazama mama yake akikunja nguo. Jua la Jumapili lilikuwa bado liko juu ya mabati.

“Sare mbili. Soksi. Sweta yako iko wapi?”

“Hiyo hapo.”

Lynnet aliigeuza kola. “Hii si yako. Haina uzi.”

“Yangu iko kwa Bhoke.”

“Hilo najua, ndilo lililonivimbisha shavu. Nauliza ilifikaje kwa Bhoke. Alikunyang’anya?”

“Nilimpa. Tulibadilishana.”

“Kwa nini?”

Irine alivuta uzi kwenye blanketi. “Ili nimwone.”

“Umwone vipi? Si mnakaa dawati moja?”

“Darasani namjua kwa dawati. Nje ndiyo shida. Zamani alikuwa na kishungi cha nywele hapa, nilikuwa nakifuata. Wakamnyoa. Siku ya kwanza nilicheza na msichana mwingine mapumziko yote nikidhani ni yeye. Bhoke akanikasirikia. Akasema nimepata rafiki mpya. Nikamwambia avae sweta yangu yenye uzi. Sikujua wewe utamchukua.”

Lynnet aliketi. Hakuketi kitandani. Aliketi sakafuni, alipokuwa.

“Baba unamjua kwa nini?”

“Kikohozi. Na kiatu kimoja kinalia.”

“Dani?”

“Anaongea kabla hajafika.”

“Na mimi?”

“Utepe wa kupimia, shingoni.” Irine alimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeulizwa maswali ya mtihani. “Siku moja ulikuja bila utepe. Nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka ukaongea na Mniko.”

Lynnet alikuwa na miaka thelathini na minne na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukutana na mtu wa pili mwenye shida hii. Alikuwa amempata ndani ya nyumba yake, anamshonea nguo, na hakujua.

“Umemwambia nani jambo hili?”

“Mwalimu Zadock.”

“Ulimwambia nini?”

“Alisema nilimpita sokoni bila salamu. Nikasema sikumjua, mwalimu, ulikuwa umevaa kofia. Akasema ninamwona kila siku ubaoni halafu nasema simjui, huo ni uongo na dharau.”

“Akafanya nini?”

Irine alikunja sketi kidogo. Kwenye vigimbi vya miguu kulikuwa na mistari minne, miwili imeanza kubadilika rangi.

“Na akaniambia nisimame paredi niseme nimeacha dharau.”

“Ukasema?”

“Nikasema. Lakini sijaacha, Mama. Labda jana nilimpita tena. Sijui.”

Mlangoni Cephas alikohoa, akauliza kama begi limeisha kupangwa. Lynnet aliishusha sketi ya mtoto taratibu.

“Begi iko tayari,” alisema. “Kesho nitakuja shule na wewe.”

“Kusaini?”

“Nitakuja.”

*

Mniko aliwazuia getini, akiona aibu. “Mama Irine, nimeambiwa usiingie kabla hujasaini.”

“Karatasi iko ndani, Mniko. Nitasainije nikiwa nje?”

Mniko alifikiri, akaona hilo ni kweli. Alifungua. Alipokuwa akifunga tena, alimwambia kwa sauti ya chini, “Unajua mimi watu wananiita tapeli? Namsalimia mtu Kehancha, namwambia tulikutana kwenye mazishi fulani, ulikuwa umekaa chini ya turubai la pili. Yeye hanikumbuki. Anashika mfuko wake anakimbia. Kwangu sura ikishaingia haitoki. Na kofi sijawahi kupigwa, lakini nimekaribia.”

“Ungenigawia kidogo.”

“Chukua yote. Imenichosha.”

Katika ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na viti vitano na watu sita. Mwalimu mkuu, Bi. Monicah, alikuwa mwanamke nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Kezia alikuwa amevaa leso mbili na kukaa pembeni kama mtu anayeogopa kuchafua. Cephas alikuwa na shati la kazi. Mwalimu Zadock alisimama dirishani mikono nyuma. Orpah alikuwa nje kwenye veranda, begi miguuni, akingoja barua ya uhamisho. Irine alisimama kando ya mama yake. Hakuna aliyemwambia aketi.

“Hatutaki maneno mengi,” Bi. Monicah alisema. “Saini hapa chini, mzazi. Sisi tuendelee na kazi.”

Lynnet hakuitazama karatasi. Alimgeukia Kezia. Alimjua kwa zile leso na kwa harufu ya ndizi mbivu.

“Mama Bhoke, naanza na wewe. Nilimchukua mtoto wako. Sikukusudia, lakini nilimchukua, na ulivyomwona barabarani moyo wako ulikufa. Nakuomba msamaha. Wewe ndiye niliyekukosea hapa, hakuna mwingine.”

Kezia alichezea ncha ya leso. “Nilikuzaba kofi.”

“Ulinizaba.”

“Nilikuzaba na nguvu.”

“Ningekuwa wewe ningezaba mawili.”

Kezia alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu ya ofisi. “Mimi sikusema tairi,” alisema. “Nataka ujue. Huyo aliyesema tairi, mimi simjui.”

“Na mimi simjui, lakini mimi simjui mtu yeyote.”

“Mzazi,” Bi. Monicah alisema, akigonga kalamu.

“Nimesikia, mwalimu. Sasa karatasi. Siisaini.”

Cephas alisema, “Mama Irine,” kwa sauti ile ya kumwonya mtu mbele za watu.

“Akili yangu ni nzima. Nusu ya sare za shule hii nimezishona mimi na hakuna iliyombana mtoto. Najua kiuno cha kila mzazi hapa. Wewe mwalimu, tangu Januari umeongeza inchi mbili na umekuja kwangu mara mbili nikupanulie sketi. Kuna kitu kimoja nisichokiweza. Siwezi kushika sura. Na Irine pia hawezi. Nimejua jana.”

“Hiyo haipo,” Mwalimu Zadock alisema kutoka dirishani. “Mtoto anasoma vizuri. Anajua ramani ya kaunti zote. Atashindwaje kunijua mimi?”

Lynnet aligeuka kuelekea sauti. “Wewe ndiye Zadock?”

“Mwalimu Zadock.”

“Asante. Irine, geuka.”

Irine aligeuka. Lynnet aliinua pindo la sketi kwa vidole viwili, kama anavyofanya akipima urefu wa sare, na akalishikilia hapo mpaka kila mtu akahesabu. Cephas alihesabu mara mbili. Yeye alikuwa hajui.

“Vinne,” Lynnet alisema. “Kwa kutosalimia. Viboko vimekatazwa na sheria, na mwalimu mkuu anaijua sheria hiyo kuliko mimi fundi. Sasa. Nikitoka kwenye geti hili nikienda kulia, nafika kwa afisa wa watoto. Nikibaki humu nikienda kushoto, nafika gredi ya tatu. Mimi napenda kushoto. Lakini mnichagulie nyinyi.”

“Unanitisha ofisini kwangu?” Bi. Monicah aliuliza.

“Ninakuuliza njia.”

Bi. Monicah alimtazama Cephas. Wanaume wa namna hii aliwajua: wakitazamwa na mkubwa, huwanyamazisha wake zao. Cephas alisimama. Alikohoa kikohozi chake. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kusema neno ndani ya ofisi ya mtu isipokuwa “faili hili hapa”.

“Afisa wa watoto yuko mlango wa pili kutoka kwangu,” alisema. “Anafungua saa mbili. Ninaweza kumpelekea jambo hili mwenyewe, kama kazi nyingine yoyote.” Kisha akachukua ile karatasi mezani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kifungo cha mfuko alikifunga pia.

Bi. Monicah alizipanga kalamu zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. Alifikiri kuhusu bodi, kuhusu afisa wa watoto, kuhusu ile sketi. “Mwalimu Zadock,” alisema hatimaye, “mpeleke mzazi darasani.”

*

Orpah alisimama walipotokea kwenye veranda. “Umesaini?”

“Sijasaini na sitasaini. Mama, hiyo begi ni ya Irine. Nipe.”

“Nyar Kadem, huyu mtoto ni damu yangu.”

“Ni damu yako na ana shida yangu. Atakaa na mtu anayeijua.”

Orpah alimtazama mjukuu, halafu mama yake, halafu mjukuu tena. “Ati yeye pia?” aliuliza. “Yaani nitakuja sokoni, na huyu naye atanipita?”

“Atakupita. Ukimwambia wewe ni Dani, atakusalimia vizuri kuliko watu wote wa Homa Bay.”

“Nijitambulishe kwa mjukuu wangu. Kama mgeni.”

“Ndiyo, Mama. Au upitwe.”

Orpah hakuliachia begi. Cephas alilazimika kuivua mikanda kutoka vidoleni mwake, kidole kimoja baada ya kingine, akisema, “Pole, Mama, pole,” mpaka likatoka. Alimpa Lynnet. Lynnet alilitia begani, akamshika Irine mkono, wakamfuata Mwalimu Zadock kuvuka uwanja.

Mlangoni pa gredi ya tatu mwalimu alisimama kando ili mtoto apite. Lynnet hakumwachia.

“Mwambie jina lako,” alimwambia mwalimu.

“Ananijua.”

“Hakujui. Tumetoka huko sasa hivi. Mwambie.”

Darasani watoto hamsini walikuwa wameacha kuandika. Mwalimu Zadock aliwaona wakimtazama. Alikuwa kijana, miaka miwili tangu amalize chuo, na hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya mahali kama hapa.

“Mimi ni Mwalimu Zadock,” alisema.

“Useme hivyo kila siku. Na akikupita sokoni?”

“Nitamwita mimi.”

“Utamwita kwa mdomo.”

“Kwa mdomo.”

Lynnet aliuachia mkono wa binti yake. “Haya,” alisema. “Nenda ukakae.”

Irine aliingia hatua tatu, akasimama. Madawati yalikuwa yamehamishwa wakati wa usafi wa Ijumaa na lake halikuwa tena karibu na ukuta. Vichwa hamsini vilivyonyolewa vilimgeukia, sweta hamsini za rangi moja. Wiki iliyopita angekwenda taratibu kando ya ukuta akijifanya anatafuta kalamu, mpaka mtu amwite. Alimtazama mama yake mara moja, akaligeukia darasa, akavuta pumzi.

“Sijui mko wapi,” alisema kwa sauti iliyofika madirishani. “Bhoke, sema.”

Safu ya nne kiti kilikwaruza sakafu. “Niko huku,” mtu alisema. “Kuja, nimekuwekea nafasi.”